Spiriti Iliyopungua

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wasichana wawili wa darasa la sita walikutana mbele ya kabati la sayansi. Mmoja alikuwa na miwani na majibu ya kila swali, ndiyo maana wenzake wakamwita Profesa. Mwingine alikuwa mchache wa maneno, wakamwita Kimya. Kimya alitunza ufunguo. Profesa alishika rula na daftari, kwa kuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, vipimo havitaki mtu wa kubahatisha.

Kabatini mlikuwa na chupa tatu zenye midomo mipana. Ya kwanza ilikuwa na kokoto, mfano wa yabisi. Ya pili ilikuwa na maji na ya tatu spiriti ya kusafishia vidonda, mifano ya vimiminika. Gesi haikuwa na chupa. Mwalimu wa sayansi alisema itajileta yenyewe siku yake ikifika. Kazi yao ilikuwa kupima tu, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua kifuniko.

Ijumaa moja Kimya alienda kufagia darasa, akamwachia Profesa ufunguo kwa muda. Wenzao watatu walikuwa wamesimama hapo, na Profesa alipenda sana kutazamwa. Akafungua spiriti, akamdondoshea kila mmoja tone kiganjani.

"Mmeona inavyopoza?" akauliza, kidevu juu.

Kengele ikalia. Alikiweka kifuniko juu juu bila kukikaza, akafunga kabati na kurudisha ufunguo. Jua la dirishani likalipiga kabati lile Jumamosi na Jumapili nzima.

Jumatatu spiriti ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Profesa alipima mara mbili. Yale matone matatu aliyakumbuka, lakini matone matatu hayawezi kushusha chupa kiasi kile. Basi kuna mtu kachukua. Hakujiuliza zaidi ya hapo.

"Mwalimu, spiriti imeibiwa," alisema mbele ya darasa zima. "Ufunguo anao Kimya. Na mdogo wake ana kidonda mguuni, wiki iliyopita Kimya aliniuliza kama spiriti inakausha kidonda."

Kimya alisimama. "Sikuchukua," alisema, akakaa. Mwalimu alinyoosha mkono, akachukua ufunguo.

Kufikia mapumziko Kimya alikuwa amepewa jina jipya: Spiriti. Kesho yake lilikuwa limefika madarasa ya chini, na watoto wasiojua spiriti ni nini walikuwa wakimwita hivyo bombani. Kimya akaanza kuja shuleni kengele ikilia na kuondoka wa kwanza. Profesa alimwona, akajiambia kwamba mwizi lazima aone haya.

Alhamisi jioni alikuwa kwenye karakana ya baba yake, fundi wa samani, akimsaidia kuosha brashi za vanishi. Baba aliinua kopo la thina ya kuoshea brashi, akalitikisa.

"Nani kaacha hili wazi tangu jana?"

"Mimi, baba. Nilisahau. Kwani limepungua?"

"Limebaki nusu."

"Labda kuna mtu kamimina."

Baba alicheka. "Amimine nani, na mimi nilifunga mlango kwa mkono wangu? Imeenda na hewa, mwanangu. Hiyo harufu inayokukaba hapa ndiyo thina yenyewe, imegeuka gesi. Thina, petroli, spiriti, hizo zote ni ndugu. Ukizembea kifuniko, zinaondoka zenyewe."

Brashi ilimtoka Profesa mkononi. Akilini alikiona kile kifuniko cha Ijumaa kimekaa upande, akamwona na Kimya akipita kando ya ukuta, kichwa chini. Aliketi juu ya rundo la mbao, akalia mpaka miwani ikaingia ukungu, kisha akamweleza baba yake kila kitu. Alijuta kufungua chupa. Alijuta zaidi kwamba alikitaja kidonda cha mtoto mdogo mbele za watu.

"Kesho utasema hayo hayo darasani," baba alisema. "Na sitakusindikiza."

Ijumaa Profesa alisimama pale pale alipotolea mashtaka. "Kimya hakuchukua spiriti. Mimi niliifungua, nikaiacha bila kukaza kifuniko. Ikageuka gesi, ikaenda. Nilijua nimeifungua na sikusema." Akamgeukia Kimya. "Nisamehe, mwenzangu."

Kimya alitazama dawati lake. "Nimesikia," alijibu.

Mwalimu aliutoa ule ufunguo mfukoni. "Nami nina langu," alisema. "Nilichukua ufunguo kabla ya kuuliza swali hata moja. Kimya, nisamehe." Akamrudishia ufunguo mbele ya wote, kisha akamtazama Profesa. "Mtu wa sayansi akiona kitu kimepungua, kwanza hujiuliza yeye mwenyewe amefanya nini. Wewe ulianza na mwenzako. Spiriti nitanunua nyingine. Jina la mtu haliuzwi dukani. Utalisafisha wewe, kwa mdomo ule ule uliolichafua."

Mchana ule, bombani, mtoto wa darasa la pili alipaza sauti, "Spiriti, nipishe!" Kimya alikuwa akijaza chupa yake na hakugeuka.

Profesa alichuchumaa mbele ya mtoto. "Usimwite hivyo. Hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyemsingizia, na nilikosea. Umenielewa?"

Mtoto alimkodolea macho. "Dada yangu ndiye aliyeniambia."

Kimya alifunga bomba, akakikaza kifuniko cha chupa yake. Lililofuata lilikuwa neno lake la kwanza kwa Profesa tangu asubuhi, na hakulisema kwa ukali.

"Dada yake yuko darasa la nne," alisema. "Wako arobaini na wawili mle ndani, na wote wananiita hivyo."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaelekea darasa la nne.