Njegere za Kavira

— Kavira, bwana yako alikuambia iko wapi?

Kavira alibana simu kati ya sikio na bega, mwiko mkononi. Njegere zilikuwa zinatokota juu ya sigiri ya makaa. Zimeshaiva, bado kuungwa tu kwa mawese na kitunguu.

— Iko Kasese. Alienda kununua vitambaa. Kwa nini, Marlène?

— Kasese gani? Iko hapa Bwera, mu hoteli ya Mayimuna, anakula samaki. Tena si mara ya kwanza namuona.

Marlène alikuwa rafiki yake tangu Butembo, kule Kongo. Walivuka mpaka pamoja kuingia Uganda vita ilipowafukuza, na hakuwa mtu wa umbea. Kavira akakata simu, akampigia mumewe.

— Sheri, uko wapi?

— Kasese, mke wangu. Nitachelewa kidogo.

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema kwa upole:

— Kezironi, nikuongeze mchuzi?

Simu ikakatika.

Kavira hakulia. Aliipua sufuria, akaifunga kwa kitenge, akashika njia ya sokoni, kwenye hoteli ya Mayimuna, nayo mkononi. Alipoingia hotelini, wateja wote waligeuka. Kezironi, yule fundi cherehani mpole asiyejua hata kugombana na mbuzi, aliganda na tonge mkononi.

— Hii ndiyo Kasese?

— Kavira, ngoja nieleze...

— Mimi niko jikoni tangu asubuhi, na wewe uko unalishwa na huyu mwanamke!

Mayimuna alifuta mikono kwenye aproni.

— Mama, usinitafutie ugomvi. Mimi nauza chakula, sichukui waume wa watu. Huyu wako anakuja siku ukipika njegere tu. Ukipika maharage, simuoni.

Kavira akamgeukia mumewe taratibu.

— Hupendi njegere?

Kezironi alitazama sakafu.

— Sipendi. Shuleni, kule bwenini, tulilishwa zenye wadudu mpaka harufu yake ikanishinda.

— Na tangu tuoane unaniambia, "Tamu, ongeza"!

— Siku ya kwanza ulipozipika ulikuwa unalia, nyabo. Ulisema mama yako ndiye alikufundisha, na vita haikukuacha hata umzike. Nikaonja. Nikasema sijawahi kula kitu tamu hivi. Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza naona wewe unacheka. Sasa ningerudi nyuma namna gani?

Mteja mmoja alicheka pembeni. Kavira hakucheka.

— Na yale mengine uliyoniambia? Kwamba unanipenda? Hiyo pia ilikuwa ya kunifuta machozi?

Kavira hakungoja jibu, akaacha sufuria juu ya meza na kwenda zake kwa Marlène, Nyakiyumbu.

Kesho yake ujumbe ukaingia: "Niliongopa juu ya njegere. Juu yako sikuongopa." Akausoma, akaiweka simu chini.

Ukafuata mwingine: "Nyumba iko kimya sana." Huo aliusoma mara mbili.

Halafu ukaja wa tatu: "Samahani, njegere zinatiwa maji kiasi gani?"

Marlène alipousoma alicheka mpaka akaketi chini.

— Eh, dada! Bwana yako iko anapika!

Jumapili, baada ya misa, Kezironi alibisha hodi, bakuli mkononi, vidole viwili vimeungua.

— Nimekupikia.

Kavira akachukua kijiko, akaonja. Njegere zilikuwa ngumu kama kokoto, na chumvi yake, ungesema amechota ziwa la chumvi la Katwe lote.

— Iko namna gani?

Kavira alivitazama vile vidole. Neno "tamu" likaja lenyewe hadi ncha ya ulimi, wala hakuliita. Hapo akaelewa lilivyomtoka Kezironi siku ile ya kwanza. Moyo ukalegea. Lakini neno lenyewe akalimeza.

— Mbaya. Mbaya sana, Kezironi.

— Asante!

Alisema kwa furaha ya mtu aliyesifiwa.

— Zamu yako. Njegere zangu?

— Sizipendi. Hata uziunge na nini.

— Na mimi?

— Wewe nakupenda.

Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile, bila kupepesa macho. Kavira akaweka kijiko chini.

— Marlène, niletee begi yangu.

— Na hizi njegere nifanyie nini?

— Patia kuku. Kama watazikubali.

Jioni hiyo, Bwera, masufuria mawili yalikaa jikoni bega kwa bega: njegere za mke, maharage ya mume. Bundu, ule ugali wao wa muhogo, likawekwa moja tu katikati, nao wakalimega kutoka pande mbili, kila mmoja akichovya kwake, mpaka vidole vikakutana.