Yupo, Anafunga Mabuti

Jioni ile Dada Bendera alikuwa na vitunguu viwili kwenye mfuko wa sare. Mama yake alimpigia simu mchana akamwambia asirudi mikono mitupu, naye akavinunua mapema, akijua kwamba baada ya shughuli ya jioni kichwa chake hakitakuwa mahali pake. Mama mwenyewe asingekuja kituoni. Alishakataa, na mama yule akishakataa, mambo yameisha.

Jina la Dada Bendera lilitokana na kazi yake ya kushusha bendera. Katika kituo kile cha zimamoto bendera hushushwa kila siku jua linapozama, na kila siku hushushwa kwa heshima ya mtu mmoja aliyefia kazini: leo mzimamoto, kesho askari, keshokutwa dereva wa gari la wagonjwa. Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kengele inagongwa mara moja. Mkuu wa kituo, Afande, anaita jina la marehemu. Ndugu yake anajibu, "Amepumzika." Basi. Bendera inashuka, inakunjwa, watu wanapeana mikono na kwenda zao. Marehemu asiye na ndugu hujibiwa na Dada Bendera, kwa hiyo neno hilo alikuwa amelisema mpaka likawa jepesi mdomoni.

Lakini jioni ile jina lilikuwa la mdogo wake.

Kituoni walimwita Kobe, maana hakuna siku aliyofika kwa wakati. Asubuhi majina yakiitwa yeye bado yuko barabarani anakimbia, shati nje, na dada yake anamjibia kutoka kwenye mstari: "Yupo, Afande, anafunga mabuti." Uongo huo ulizoeleka hadi Afande akawa anauchekea kwa pembe ya mdomo. Na Kobe huyohuyo mchelewaji ndiye aliyerudi ndani ya ghala linalowaka wakati wenzake wameshaamriwa kutoka. Alisema amesikia mtu anaita. Afande alishikilia kwamba ghala lilikuwa tupu, kwamba kijana alisikia mabati yakilia kwa joto. Paa likaanguka. Walichambua majivu siku nyingi, wasipate hata kifungo cha shati.

Mama akakataa msiba. Hajaona mwili, kwa hiyo hajafiwa, ndivyo alivyowaambia waliokuja na pole, akawarudisha na pole zao. Mwaka mzima tangu hapo mlango wa jikoni haukutiwa komeo, mtoto asije akakuta pamefungwa. Dada Bendera alichoka. Alimpenda mdogo wake hata kumwaza kulimuuma mbavu, na alitaka apumzike, mama naye apumzike. Ndiyo maana alikwenda mwenyewe kwa Afande kuomba jina liitwe.

Kengele ikagongwa.

Afande akaita jina la Kobe, lile kamili ambalo nyumbani halikutumika. Aliita kwa sauti ileile ya asubuhi, ya kuhesabu vijana wake. Dada Bendera alikuwa ameshika kamba, macho juu. Akafungua mdomo. Na ulimi ukajiendea wenyewe kwenye njia yake ya miaka yote.

"Yupo, Afande. Anafunga mabuti."

Hakuna aliyecheka.

Uso ukamwaka kwa aibu. Alitaka kujisahihisha, lakini mikono yake ilishaanza kuishusha bendera, na bendera ikishaanza kushuka hakuna anayesema kitu. Nyuma yao, kwenye banda la magari ambako hapakuwa na mtu, kitu kikagonga sakafu.

Buti moja.

Kisha... la pili.

Halafu ikaja harufu. Si ya moshi. Ilikuwa ya majivu yaliyomwagiwa maji, ile harufu ambayo mzimamoto hurudi nayo nyumbani hata akioga mara tatu. Mstari mzima uliisikia. Pua zilicheza, ila vichwa havikugeuka. Hatua zikaja polepole, nzito, za kuburuta. Zikasimama nyuma ya Dada Bendera, pale pale Kobe alipozoea kujipenyeza akichelewa. Joto likamgusa shingoni. Mtu alikuwa anahema.

Walipomaliza, Afande alikunja bendera. Hakuangalia bandani.

"Umemjibia yupo," alinong'ona.

"Nimeteleza, Afande."

"Najua. Lakini ukishajibiwa yupo, uko kazini. Huondoki mpaka uruhusiwe." Akaiweka bendera kwapani. "Kesho nitaita tena. Ujibu vizuri."

Nyumbani alimkuta mama jikoni anacheka peke yake, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Kutoka uani hadi kizingitini palikuwa na alama za mabuti, nyeusi, mbichi. Mama akaeleza kwa furaha kwamba Kobe amekuja, ila hataki kuketi. Amesimama tu hapo nje ukutani, ameinama, na kila akimkaribisha ndani anatikisa kichwa. Dada Bendera hakuthubutu kuchungulia. Nyuma ya ukuta alisikia pumzi... ikivutwa kwa shida... ikiachwa kwa shida.

Alimweleza mama ukweli wote. Mama akaacha kucheka.

"Mwanangu amerudi," alisema taratibu. "Ukienda kumfukuza, usirudi kwangu."

Kesho yake Dada Bendera alisimama chini ya mlingoti akijua kwamba neno moja litampumzisha mdogo wake na kumpokonya yeye mama. Alitamani kuugua, alitamani mvua, alitamani lolote. Kengele ikagongwa. Harufu ikaja kabla hata jina halijaitwa. Hatua zikaburuta, zikafika. Joto likatua shingoni.

Afande akaita.

Na karibu kabisa na sikio lake, sauti aliyoijua tangu ikiwa ya mtoto mchanga ikasema:

"Dada... ngoja kidogo. Bado nimembeba."

Alisikia vizuri. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakusikia, lakini alisikia. Alichofikiria ni pumzi ile ya jana ukutani, mtoto wa mama yake anahema hivyo mwaka mzima, na huruma ikamjaa hadi macho yakaona ukungu. Akasema:

"Amepumzika."

Joto likaondoka mara moja. Nyuma yake mtu akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kisha kitu kikaanguka chini.

Puu.

Kizito. Laini. Kikajikunyata.

Hakugeuka. Aliishusha bendera hadi mikononi mwa Afande aliyekuwa mbele yake, ambaye peke yake alikuwa ameuelekea mstari na kuona kilichokuwa nyuma. Bendera ikamponyoka Afande ikaanguka vumbini, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale kituoni, na yeye asijaribu hata kuiokota.

"Kumbe alikuwepo mtu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya vijana wake. "Niliwaambia hakuna mtu."

"Ni nani, Afande?"

"Simjui. Hakuna anayemjua."

Dada Bendera alipogeuka, palikuwa na majivu tu, yaliyolowa, yenye umbo la mtu aliyelala ubavu. Na kutoka kwenye majivu yale alama za viganja na magoti zilikuwa zimeelekea getini. Afande aliuliza atamwitaje mtu asiye na jina. Dada Bendera akakimbia nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, macho mekundu, uso umetulia. Hakumgombeza. Alimshika mkono akamwambia Kobe ameingia, amemuaga, safari hii akiwa amesimama wima, na yeye kama mama ameridhika. Atalia, lakini ameridhika.

Dada Bendera akapiga magoti akamkumbatia, akalia kama hajawahi kulia. Mama akampapasa mgongo.

"Sasa nyamaza," alimnong'oneza. "Yule aliyekuwa amembeba amebaki."

"Wapi, Mama?"

"Hapo mlangoni. Haoni. Amekuja akipapasa ukuta... anauliza kama yeye na Kobe wameshatoka nje."

Dada Bendera akainua kichwa.

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu," alisema mama. "Nilikuwa nakusubiri wewe."