Seva ya Rwamgasa

Pikipiki ya Paskazia, Yamaha DT, ilitetemeka kama inataka kupasuka.

Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilitimua vumbi kuelekea Rwamgasa. Ndani alikuwemo Thobias, fundi wa kompyuta anayetumiwa na wafanya magendo wa dhahabu kutoka nje. Antena ilichomoza juu ya paa.

Simu ikaita ndani ya helmeti. Alikuwa Nkwabi, mkuu wake, ofisini Shinyanga.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Sikiliza. Mgodi wa ushirika wanasakinisha programu mpya ya kuendesha pampu za maji. Programu huria, ya bure kwa wote, safi kabisa. Ila kwenye orodha ya seva za kupakulia, Thobias amechomeka ya kwake, imo humo garini. Anayepakua kwake, pampu zinazima."

"Shimoni kuna watu?"

"Wapo. Maji yakijaa, ushirika unafungwa, wale jamaa wanachukua eneo. Nakuunganisha na mwendesha pampu, Masalu. Hajawahi kusakinisha kitu."

Paskazia hakupunguza mwendo.

"Shikamoo," ilisema sauti ya kijana.

"Marahaba. Masalu, skrini inasemaje?"

"Ilisema nichague seva. Nimechagua ya kwanza, ya Rwamgasa. Si ndiyo ya karibu, mayu, mama yangu? Bando lenyewe dogo."

"Halafu?"

"Limekuja onyo. Fundi Thobias alinipigia asubuhi, akasema likitokea nibonyeze Endelea tu."



"Usibonyeze. Mimi ni wa Usalama."



"Samahani, mayu. Fundi namfahamu. Wewe sikufahamu."

Hilo lilikuwa kweli.

"Basi usiniamini mimi. Nisomee hilo onyo, polepole."

Masalu akasoma neno kwa neno. "'Saini ya faili hili si ya watengenezaji. Huenda limebadilishwa.'"

 Akalirudia neno la mwisho.

"Kaka yangu yuko chini."

"Bonyeza Rudi. Tafuta palipoandikwa Seva Kuu ya Mradi. Itachelewa, iache ichelewe. Onyo lisipotokea, uko salama."

"Nimeibonyeza. Inapakua. Taratibu mno."

"Usikate simu."

Mbele, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Land Cruiser ikafunga breki, ikaserereka, ikatumbukia mtaroni. Thobias akatoka kwa mlango wa abiria, bastola mkononi.

Paskazia aliruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inatembea.

Thobias akafyatua. Risasi ikapita.

Glock ya Paskazia ilijibu mara moja. Bastola ya Thobias ikaruka majanini, naye akakaa chini akishika mkono.

"Umechelewa," alisema akihema. "Kijana ameshabonyeza."

Paskazia akaweka simu spika. Ilikwaruza tu. Ng'ombe wa mwisho akavuka. Thobias akaanza kutabasamu.

"Mayu?" ilisema simu. "Imemaliza. Onyo halijatokea. Pampu zinavuta maji."

Tabasamu likafa.

Paskazia akamfunga pingu kwenye bampa, akang'oa waya wa antena, akamwambia Nkwabi, aliyekuwa bado kwenye laini, aje kumchukua. Kisha akainua pikipiki yake, akapangusa vumbi kwenye kiti.

"Kaka amepanda juu," Masalu alisema. "Anauliza nani alikuwa anapiga. Nimwambie nini?"

"Mwambie aoge, ale."

Akakata simu, akawasha Yamaha, akageuza njia ya Geita.