Bafu Nyuma ya Kitanda cha Yasmine

Nilikuwa nafua nguo uani. Bwana wangu Alimasi akaingia na ndoo ya rangi. Damu ikanichemka.

"Rangi tena?"

"Idi inakaribia, Nafisa. Bageni bataona ukuta muchafu."

"Na mutoto? Anakohoa kila siku, weye unawaza bageni!"

Ukuta wenyewe ni wa chumba cha binti yetu Yasmine, hapa mtaani Kamalondo. Ulikuwa umejaa kuvu nyeusi. Kila mwaka Alimasi alipaka rangi juu yake. Wiki chache tu, kuvu ilirudi. Dirisha nalo tulilipigilia mbao kwa kuogopa wezi.

Juma moja kabla ya hapo mtoto alishindwa kupumua. Tukamkimbiza hospitali. Daktari aliposikia habari ya kuvu alitukemea: "Dawa nitamupa. Lakini mukimurudisha mu ile chumba, mutamuleta huku tena."

Basi nikamwacha Alimasi na ndoo yake. Nikamwita jirani yetu Mama Julienne, fundi wa kujenga nyumba. Alikwangua ukuta kwa kijiko. Plasta ikaanguka, imelowa chapachapa. Akatoka, akazunguka nyumba, akasimama kwenye bafu letu.

"Nani alijenga hii bafu?"

"Ni miye," Alimasi akajibu, kifua mbele.

"Uliegemeza bafu ku ukuta ya chumba! Maji ya kuoga inaingia mu matofali kila siku. Kuvu inapenda maji. Inatoa vumbi ndogo sana, macho haiwezi kuiona. Mutoto anaivuta. Na dirisha iko imefungwa, hewa itapita wapi?"

"Sasa nivunje bafu yangu? Nilijenga na mikono yangu!"

Hapo nikapasuka. "Na Yasmine ni mutoto ya nani? Ya jirani?"

Nikachukua nyundo mwenyewe. Nikapiga tofali la kwanza. Nikapiga la pili. Halafu Alimasi akaninyang'anya nyundo, akaendelea yeye.

Yasmine tulimlaza chumbani kwetu. Mama Julienne akatuonyesha kazi. Tulifunga vitambaa puani na mdomoni. Tulibandua plasta mbovu, tukaitupa. Tukasugua ukuta kwa sabuni na maji, tukaupangusa.

Alimasi akaleta mbabula, jiko lenye makaa ya moto, eti ukuta ukauke haraka.

"Toa hiyo!" Mama Julienne akafoka. "Makala ndani ya nyumba inatoa hewa ya sumu. Inaua bantu bakilala! Fungua dirisha."

Tukang'oa mbao, tukaweka vyuma dirishani. Bafu jipya tulilijenga mbali, lina mfereji wake. Wageni wa Idi waliukuta ukuta hauna plasta wala rangi. Tulingoja ukauke kabisa ndipo Yasmine arudi chumbani kwake.

Sasa Yasmine analala bila kukohoa. Anakimbia na wenzake mpaka namwita mara tatu aje kula. Watu wananiambia, "Nafisa, shukuru Mungu, hasira iishe."

Nashukuru. Lakini hasira haijaisha. Miaka mitatu tulimnywesha mtoto dawa ya kikohozi, na kila asubuhi tulikuwa tunaoga nyuma ya kitanda chake.