Stovu Iliyozimika Kila Alhamisi

Hanna alikuwa na stovu, na jirani zake wote walijua. Enzi zile za Mwingereza, huku juu ya Makumira, watu walipikia kuni. Lakini mwaka ule kahawa ilipata bei nzuri. Mumewe Sadoki akaenda mjini Arusha, dukani kwa Kishor, akarudi na jiko la mafuta ya taa. Jiko la shaba, la kupiga pampu, linang'aa mpaka unajiona uso.

Msidhani stovu hiyo waliinunua kwa maringo. Mama yake Sadoki, Bibi Tabea, alikuwa na pumu. Moshi wa kuni ulimbana kifua hata akawa analala ameketi. Yoeli, dresa aliyetibu wagonjwa kwenye zahanati, alimwambia Sadoki bila kuzunguka: "Mama yako hawezi moshi tena. Ukimrudisha kwenye moshi, utampoteza."

Basi stovu ikaingia nyumbani, na Bibi Tabea akaanza kulala kama watu wengine. Mvua za masika zilipoanza, stovu nayo ikaanza vituko. Jumapili inawaka vizuri, moto wa buluu, inavuma. Alhamisi inapiga chafya, moto unageuka njano, mara puu, imezima! Hanna anapiga pampu, inawaka. Anageuka kumenya ndizi, imezima tena.

Hanna akaanza kuwaza mabaya. Mama mkwe hakuipenda stovu hii tangu mwanzo. Alishasema inanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Na mimi nikienda shamba, nani anabaki nyumbani? Hakulisema kwa mdomo, lakini salamu zake kwa mama mkwe zikawa fupi. Mtu mzima haambiwi, huona mwenyewe.

Alhamisi moja stovu ilizimika mara tano. Hanna akakata tamaa, akawasha kuni. Kuni zenyewe zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi ukajaa nyumba nzima. Bibi Tabea akaanza kukohoa, akashika ukuta, pumzi ikawa inapiga filimbi kifuani.

"Kesho nakwenda kwa binti yangu Marta, kule Kwa Mrombo," alisema kwa shida. "Hapa nawasumbua."

Hanna akaona aibu. Mkwe kuondoka nyumbani mwake kwa ajili ya moshi! Na huko kwa Marta nako wanapikia kuni. Angekwenda kufa tu.

Sadoki akaingia na kichupa mkononi. "Petroli," alisema. "Nimepewa na dereva wa lori la kahawa. Anasema tukichanganya kidogo, itawaka tu."

Alikuwa ameshashika kifuniko cha stovu, nayo bado ya moto, na kuni zinawaka pembeni. Hapo ndipo dresa Yoeli alipopiga hodi. Alikuwa amekuja kumwangalia mgonjwa wake.

"Sadoki, usifungue hiyo stovu," alisema polepole. "Na kichupa hicho kipeleke nje, mbali na moto. Petroli ndani ya stovu ni bomu. Ungetuzika sote leo."

Sadoki akatii, akakipeleka kichupa nje. Yoeli akamwambia Hanna azime kuni, kisha akamtoa Bibi Tabea nje, akamketisha barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa naye mpaka pumzi ikamrudia. Ndipo akaigeukia stovu.

"Kule zahanati tunachemsha sindano kwa stovu kama hii," alisema. "Haina uchawi. Shemeji, hii yenu inasumbua siku gani?"

"Alhamisi, Dresa. Ijumaa ndiyo kabisa."

"Na mafuta mnanunua lini?"

"Jumamosi."

"Basi mwanzo wa chupa ni mzuri, mwisho wa chupa ni mbaya. Nileteeni hiyo chupa."

Hanna akaileta kutoka nje, chini ya upenu. Aliiweka huko kwa wema, kwa sababu harufu ya mafuta ilimsumbua mama mkwe. Ilikuwa chupa nyeusi, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Yoeli akalikamua gunzi, maji yakamtiririka vidoleni. Akamimina mafuta yaliyobaki kwenye bilauri, wakasubiri kidogo. Mafuta yakakaa juu, maji yakakaa chini, na vipande vya gunzi vikaelea katikati.

"Mnaona? Maji ni mazito, yanakaa chini ya chupa. Mwanzo wa wiki mnapikia mafuta. Mwisho wa wiki mnapikia mvua."

Sadoki akacheka. Hanna hakucheka. Nani alikuwa akiziba chupa ile kila siku? Ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Stovu ilipopoa, na Sadoki ameshaleta mafuta mapya, Yoeli alilegeza skrubu ya kutolea hewa, akamwaga mafuta yote, akalisuuza tangi kwa mafuta safi. Kitundu cha moto akakizibua kwa waya wake mwembamba. "Si kwa sindano ya kushonea," alisema. "Ile inapanua tundu." Mafuta mapya yaliyobaki wakayachuja kwa kitambaa kikavu, wakayatia ndani. Wakawasha spiriti kwenye kikombe kidogo cha stovu, ili ipate joto kwanza. Spiriti ilipokaribia kwisha, wakafunga skrubu, wakapiga pampu. Moto ukatoka wa buluu, haukuyumba.

"Chupa ikaushwe, izibwe kwa kizibo cha kweli," alisema Yoeli. "Ikae ndani, mbali na moto na watoto. Na stovu ikiwa ya moto, msiongeze mafuta. Izimeni, ipoe kwanza."

Hanna akamfuata mama mkwe nje barazani, akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilidhani ni wewe unayeichezea stovu."

"Nilijua," alisema Bibi Tabea. "Na mimi nilidhani unaizima makusudi, ili niondoke."

Wakatazamana. Gunzi tu, jamani, lilitaka kuvunja nyumba.

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha kutwa. Stovu ilivuma, na jikoni hapakuwa na moshi hata kidogo. Bibi Tabea aliketi kwenye kigoda, akaonja mtori.

"Hauna chumvi," alisema. "Ndizi umezikata kubwa mno, na nyama bado ngumu. Nani alikufundisha kupika hivi?"

Maneno yote hayo aliyasema kwa pumzi moja, bila kikohozi. Machozi yakamlengalenga Hanna.

"Endelea, mama," alisema. "Nakusikiliza."