Miti ya Orpa na Maji ya Kijito

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa shule moja ya Shituru, huko Kongo, walipita kijitoni. Kila mmoja alijaza bidoni yake, dumu dogo la plastiki. Kisha walinyweshea miti waliyoipanda nyuma ya shule. Hiyo ilikuwa amri ya Orpa, rais wa kamati ya wanafunzi, na Orpa hakuwa mtu wa kubembeleza.

Miti ilikufa. Wakapanda tena siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Ikafa tena. Sasa ilikuwa mara ya tatu, na majani yalishageuka manjano. Ricky, makamu wake, alichoka, akaacha kuja. Wanafunzi wengine walimwita Orpa mama wa makaburi. Orpa alicheka nao, kisha akajifungia chooni akalia. Alijiona hafai kuongoza hata kuku.

Jirani yao Hilaire alikuwa bwana shamba. Orpa alimwomba aje aone. Hilaire aling'oa mche mmoja. Mizizi yake ilikuwa mifupi, myeusi, imekauka nchani. Akauliza maji wanayachota wapi. Orpa akaonyesha kijito.

"Kule yulu banaosha mawe ya shaba," Hilaire alisema, akinyoosha kidole upande wa juu wa kijito. "Ile mayi iko na sumu, inachoma mizizi. Mukiongeza mayi, munaongeza sumu."

Kumbe kadiri walivyojitahidi, ndivyo walivyoiua miti. Tena waoshaji wale aliwajua. Baba yake, Théophile, alikuwa mmoja wao. Na bustani ya mama yake, Clotilde, ilikuwa kando ya kijito hichohicho, chini ya mahali hapo pa kuoshea.

Alipofika nyumbani alikuta lengalenga, mchicha wa bustani ile, zikichemka. Akawaeleza wazazi wake yote.

"Tukiacha kuosha mawe, tutakula nini?" Théophile aliuliza.

"Papa, sasa tuko tunakula nini?" Orpa alisema, akiitazama sufuria.

Clotilde aliipua ile sufuria, akaenda kuimwaga shimoni. Siku hiyo walikula bukari mtupu, ugali bila mboga.

Kesho yake Hilaire alimweleza Théophile la kufanya. Wachimbe mabwawa mbali na kijito, waoshee mawe humo, na maji yale wayatumie tena bila kuyaachia yatiririke. Théophile alikubali. Baadhi ya wenzake walikataa, na mpaka leo wanaosha kijitoni.

Shuleni, Orpa alisimama mbele ya wanafunzi wote.

"Minye njo nilikosa," alisema, akijinyooshea kidole. "Mulibeba ile mayi sababu minye nilibaambia."

Hakuna aliyecheka. Ricky alirudi kazini. Walitia chokaa na samadi udongoni, wakapanda kwanza majani yanayovumilia sumu na kuponya udongo polepole, kisha miti. Maji waliyachota kwenye pompi ya shule, bomba la mkono lenye foleni ndefu. Mvua zilipokwisha, miti mingi ilikuwa imekufa tena. Michache ilisimama, imechipua.

Bustani ya Clotilde haikupona. Hilaire alisema isilimwe chakula kwa miaka mingi, basi nayo wakaipanda majani. Siku moja Clotilde alipita pale akainama. Mikono yake ikaanza kung'oa majani yale kama magugu, kwa mazoea.

"Acha, Mama," Orpa alisema. "Ile majani njo dawa ya udongo."

Clotilde akayaachia. Alilia kidogo. Kisha akachukua bidoni ya binti yake, akaenda pompini kuyachotea maji.