Siku Gesi Ilipokataliwa kwa Mama Mkate

Mtaani kwetu watu huamshwa na harufu ya mkate. Kukipambazuka, Mama Mkate huwa ameshawasha tanuri lake zamani. Huoka mikate themanini kila siku, isipokuwa Jumapili. Nusu huenda shuleni, nusu tunainunua sisi majirani. Sijawahi kumwona mtu aliyefika nyumbani kwake na mkate mzima. Mimi mwenyewe humega pembe njiani, kisha nasema ulitoka tanurini hivyo.

Tanuri lile lilikuwa la kuni. Mama Mkate alijifunga kitambaa puani, akaingiza mikate, akatoka nje mbio, akakohoa, akarudi. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka kumi na sita. Mwaka jana kikohozi kilimlaza kitandani wiki mbili. Daktari hakumung'unya maneno.

"Mama, chagua," alimwambia. "Uache moshi au uache mkate. Mapafu yako hayawezi mwaka mwingine."

Aliporudi kutoka hospitali alipita kwangu, akakaa kibarazani.

"Nikiacha mkate nitakuwa nani, jirani?" aliniuliza.

Nilimpa maji ya kunywa tu.

Sasa, nchi yetu ina gesi nyingi chini ya ardhi. Sisi tulikuwa tunaisikia redioni. Miaka na miaka ilipakiwa melini ikaenda kupika vyakula vya watu tusiowajua, nasi tunapuliza kuni macho mekundu. Ndipo siku moja akaja mwanamke mfupi mwenye buti kubwa na begi la vifaa. Alitumwa na kampuni ya gesi. Tukamwita Fundi Gesi, na jina likamganda.

Fundi Gesi alituita uani kwa Mama Mkate.

"Bomba kubwa la gesi asilia limepita pale barabara kuu," alisema. "Kuleta tawi hapa ni kazi kubwa. Mitaro ichimbwe, mabomba yaunganishwe, mita zifungwe. Haiwezekani kwa nyumba moja. Mkifika nyumba thelathini, tunachimba."

"Na tanuri langu litatumia gesi hiyo?" aliuliza Mama Mkate.

"Litatumia, tena sana. Tanuri lako nalihesabu kama nyumba kumi, mama. Linawaka kila siku, kwa saa nyingi. Mtumiaji kama wewe ndiye anayefanya bomba liwe na maana. Ukikubali, zitabaki nyumba ishirini."

Yupo mzee mmoja mtaani tunamwita Mzee Hapana. Ni karani mstaafu. Ukimwambia habari za asubuhi, kwanza anakataa.

"Hapana," alisema. "Mimi nina mtungi wangu wa gesi. Bomba la nini?"

"Shikamoo, mzee. Mtungi wako ukiisha, unakuarifu mapema?" aliuliza Fundi Gesi.

Watu walicheka. Mzee Hapana mwenyewe alitabasamu kidogo.

"Unaniishia maharage yakiwa jikoni," alikiri.

"Bomba haliishi hivyo. Halafu gesi ya mtungi tunaiagiza nje. Hii ni yetu. Tukiitumia wenyewe, watoto wetu ndio watakaochimba mitaro, watakaosoma mita, watakaotengeneza majiko."

Mama Mkate alijifunga kibwebwe. Kila alasiri alipita mlango kwa mlango, anakohoa, anaeleza, anakohoa tena. Nadhani wengine walikubali kwa kumwonea huruma tu. Baada ya wiki mbili alipata nyumba ishirini na mbili. Hata Mzee Hapana aliweka sahihi, shingo upande.

Mumewe Mama Mkate ni mwashi. Tena si mwashi wa kubahatisha. Ukuta wake hata ukiupima mara kumi, umenyooka. Alijenga jiko jipya kwa ajili ya tanuri la gesi, na alifanya kitu kimoja kwa makini sana. Miaka ya nyuma aliwahi kufundishwa kwamba gesi ya mtungi ikivuja, hutambaa sakafuni. Kwa hiyo alitoboa matundu mawili ya hewa chini, karibu na sakafu. Tundu la juu la ukuta wa zamani, chini ya dari, aliliziba kwa matofali. Lilikuwa linaleta vumbi na paka. Akapiga lipu, akapaka rangi, hata huoni palipokuwa na tundu.

Majirani tulilipenda jiko lile. Watu watano walimwomba awafanyie vivyo hivyo, naye akawafanyia, kwa furaha, bila hata kungoja bomba lifike kwao. Mtaro ulikuwa umefika kwa Mama Mkate tu, maana nyumba yake ni ya kwanza.

Siku ya kufungua gesi ikafika. Mtaa mzima ulijaa uani. Mama Mkate alivaa nguo ya sikukuu na juu yake aproni nyeupe. Unga ulikuwa umeshakandwa.

Fundi Gesi alianza kukagua. Aliangalia geji inayopima msukumo wa gesi. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, akainama kutazama.

"Kama inavuja, povu litatoa mapovu makubwa," alieleza. "Msije mkapima kwa kiberiti, hata siku moja."

Viungo vyote vilikuwa salama. Kisha akainua macho ukutani. Akagonga kwa kidole.

"Hapa juu palikuwa na nini?"

"Tundu la hewa," alijibu Mwashi kwa fahari. "Nimeliziba. Nimeweka mawili chini, yanatosha."

Fundi Gesi akafunga valvu ya bomba, akaitundikia kikaratasi chekundu.

"Samahani sana, mama. Leo sifungui."

Uso wa Mama Mkate ulishuka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nyuma yangu mtu akasema, "Kama kwake imekataa, kwetu itakuwaje?" Mwingine akasema, "Nifuteni jina." Wakafuata wengine watatu. Nilihesabu moyoni. Ishirini na mbili toa wanne, jumla na lile tanuri, ishirini na nane. Chini ya thelathini kazi ingesimama, na ile valvu ingebaki imefungwa.

Mwashi alikuwa amekasirika hadi mishipa ya shingo imemtoka.

"Dada, mimi nimejenga kabla wewe hujazaliwa. Gesi inakaa chini! Kila mtu anajua."

"Ya mtungi inakaa chini, kaka. Umesema kweli kabisa," alijibu Fundi Gesi, wala hakupandisha sauti. "Ile ni nzito kuliko hewa. Hii ya bomba ni nyepesi kuliko hewa. Mama, ukitia mafuta kwenye maji, yanakwenda wapi?"

"Yanaelea juu," alisema Mama Mkate.

"Na gesi asilia hivyo hivyo. Ikivuja inapanda darini. Isipopata pa kutokea, inajikusanya pale pale, na cheche moja inaweza kulipua jiko. Matundu ya chini yabaki, tanuri linahitaji hewa safi ya kuwakia. Lakini la juu lazima liwe wazi, siku zote."

Mwashi alitazama lipu yake nzuri. Ni vigumu kwa mtu kuambiwa mbele ya mtaa mzima kwamba kazi yake bora ndiyo yenye hatari.

Mama Mkate alimsogelea. Hakumgombeza.

"Baba watoto," alisema, "ukuta utajenga mwingine. Mapafu sina mengine."

Mwashi alitoka nje. Nilidhani amesusa. Kumbe alikwenda kuchukua nyundo na patasi. Alipanda ngazi, akaanza kubomoa. Vipande vya lipu vilimwangukia kichwani, hakuvifuta. Mwanga ulipopenya, aligeuka akatutazama kutoka juu.

"Nimekosea," alisema. "Na nyumba zenu tano nimezikosea vilevile. Kesho nakuja kuwafungulia."

Mwashi amejenga nyumba nyingi mji huu, na nyingine za ghorofa. Mimi sikupata kumheshimu kama nilivyomheshimu juu ya ile ngazi.

Kabla hatujatawanyika, Mzee Hapana alinyoosha mkono.

"Je, ikivuja nami nimelala, nitajuaje?"

"Gesi yenyewe haina harufu, mzee. Sisi tunaitia harufu mbaya, kama ya yai viza, ili pua ikuamshe. Ukiisikia, usiwashe kiberiti. Usiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima. Fungua milango na madirisha. Funga valvu. Toa watu nje. Ukiwa nje, ndipo upige simu kwetu."

Mzee Hapana aliyarudia maneno yale kwa kuhesabu vidole. Kisha akawageukia wale wanne waliotaka kufutwa.

"Mnakimbia nini?" aliwauliza. "Huyu binti angeweza kufungua, akapigiwa makofi, akaenda zake. Amekubali tumnunie ili tusiungue. Mimi siku zote hukataa. Nikimwona mwenzangu anayejua kukataa, ninamwamini."

Wawili kati ya wanne wakarudi pale pale. Tukawa thelathini kamili.

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku mbili. Mwashi aliweka wavu kwenye tundu la juu ili paka asipite, akazunguka zile nyumba tano na nyundo yake, akiomba radhi kila mlango. Fundi Gesi alirudi, akapima upya kila kitu. Alitukumbusha kwamba jiko la mtungi haliungwi hivi hivi kwenye bomba. Pua zake za kutolea gesi lazima fundi azibadilishe kwanza, maana matundu yake ni madogo mno kwa gesi ya bomba.

Kisha akatoa kile kikaratasi chekundu, akamkabidhi Mama Mkate kiwashio.

"Washa mwenyewe, mama."

Moto ulitoka wa buluu, umetulia, hauna moshi hata kidogo. Tulipiga makofi kama watoto. Mama Mkate aliingiza trei ya kwanza, akafunga mlango wa tanuri. Sisi tulimpisha atoke nje, maana ndivyo tulivyomzoea. Hakutoka.

Mwashi aliingiwa na wasiwasi, akachungulia mlangoni.

"Mama, kuna nini? Unafanya nini humo?"

Mama Mkate alikuwa amevuta kiti karibu na tanuri, mikono imetulia mapajani.

"Sifanyi kitu," alisema. "Nimekaa tu."